Heshima ya Mzazi Asiyetukumbuka Tena



Amri ya nne twaijua sote tangu utoto wetu, nayo ni nyepesi kuishika wakati mzazi angali na akili zake timamu. Yeye hutuagiza, nasi twatii. Hutuonya, nasi twasikiliza. Akiumwa miguu, twamshika mkono na kumsindikiza njiani. Lakini katika nyumba nyingi hufika siku ambapo amri hiyo yaonekana kama imegeuka fumbo. Mzazi amtazama mwana aliyemzaa, amwuliza, "Wewe ni nani? Umetoka wapi?" Amshtaki binti anayemlisha kwamba ameiba fedha zake. Atoka nje usiku wa manane. Atukana kwa maneno ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyasikia kinywani mwake kwa miaka sabini. Hapo moyo wa mtoto huulizwa swali gumu: Huyu asiyenijua tena, je, bado ni mzazi wangu? Na kama ndiye, nimheshimu kwa namna gani?

Swali hili si la wenye elimu kubwa peke yao. Ni la kila mama wa Kalemie anayerudi kutoka sokoni na kukuta chungu kimepinduliwa, moto umezagaa, na mkwe wake mzee hayupo nyumbani. Basi tulitazame kwa utaratibu. Kwanza tujue jambo lenyewe ni nini. Kisha tupambanue lipi ni haki na lipi si haki. Mwisho tuone namna ya kutenda.

I. Ni ugonjwa, wala si tabia mbaya

Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mwanamke mwenye umri wa miaka 51 aliletwa hospitalini. Dalili ya kwanza iliyowashangaza jamaa zake haikuwa kusahau, bali wivu mkali juu ya mume wake. Baadaye alianza kuficha vitu na kupotea ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daktari Alois Alzheimer alimwangalia na kuandika yote aliyoyaona. Mwanamke huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, akakuta umenyauka, na ndani yake mna mabaka na nyuzi zilizosokotana. Tarehe 3 Novemba mwaka uleule aliwaeleza waganga wenzake katika mji wa Tübingen. Baadaye ugonjwa huo ukaitwa kwa jina lake.

Angalieni vizuri jambo hili. Jirani wa mwanamke yule angaliweza kusema, "Huyu ana roho mbaya, amsumbua mumewe bure." Kumbe ubongo wake ulikuwa umeanza kuharibika. Kilichoonekana kuwa tabia kilikuwa maradhi.

Maradhi ya namna hii waganga huyaita demensia, nayo si ya aina moja. Aina ya Alzheimer ndiyo inayopatikana zaidi. Nyingine hutoka katika mishipa ya damu ya ubongo iliyoharibiwa na shinikizo la damu au kiharusi. Shirika la Afya la Ulimwengu lahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 55 duniani. Tena asiseme mtu kwamba ni ugonjwa wa Wazungu. Katika wilaya ya Hai nchini Tanzania, chini ya mlima Kilimanjaro, waganga waliwapima wazee wenye miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu sita katika kila mia walikuwa nao.

Ugonjwa huu hula kumbukumbu kwa kuanzia mwisho. Mambo ya leo asubuhi hupotea kwanza. Mambo ya ujana hukaa muda mrefu. Ndiyo maana mzee aliyefanya kazi ya reli hapa Kalemie aweza kusahau kwamba amekula sasa hivi, lakini alfajiri huvaa viatu na kutaka kwenda stesheni, maana anaogopa kuchelewa treni ya Kabalo. Huutaja mji kwa jina la Albertville. Huwaita wenzake waliokwisha kufa. Yeye hacheza wala hafanyi ukaidi. Anaishi katika siku ile ambayo bado anaiona, kwa kuwa siku ya leo haimshikilii.

Vilevile, mwanamke anayesema, "Mmeniibia kitambaa changu," alikificha mwenyewe, kisha akasahau kwamba alikificha. Kitambaa hakipo, akili inadai sababu, sababu iliyo karibu ni mwizi, na mtu aliye karibu ni binti yake. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, anayetunza zaidi ndiye ashtakiwaye zaidi.

II. Je, ni ulozi?

Hatuwezi kulipita neno hili kimya, maana linaua watu. Mwezi wa Septemba 2021, katika wilaya za Kabare, Kalehe na Walungu, huko Kivu ya Kusini, wanawake wanane waliuawa kwa kushtakiwa ulozi. Huko Brazzaville waganga wameandika habari za wazee wenye demensia walioshtakiwa na jamaa zao wenyewe kuwa ni walozi. Upande wa Tanzania, katika nchi ya Wasukuma, wanawake wazee wengi wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka mingi uliowaumiza.

Wazee hushtakiwa kwa nini? Watu husema: anatembea usiku, anaongea peke yake, anawaita wafu kwa majina, amekutwa bila nguo mlangoni pa jirani. Lakini kila moja la mambo hayo tumekwisha kuliona sababu yake. Hutembea usiku kwa kuwa ubongo wake haupambanui tena usiku na mchana. Huwaita wafu kwa kuwa hakumbuki kwamba wamekufa. Alikwenda kwa jirani akidhani ni nyumbani kwake.

Mtu mwingine atajibu, "Lakini mwenyewe amekiri! Tulimwuliza, akasema ndiyo, ni yeye aliyemla mtoto." Ndugu msomaji, neno hili lataka uangalifu mkubwa. Mgonjwa wa demensia mara nyingi huitikia lo lote aulizwalo, ama kwa hofu, ama kwa kutaka kuwapendeza wanaomzunguka, ama kwa kuwa mahali palipo wazi katika kumbukumbu yake hupajaza kwa maneno anayopewa. Mwulize kama jana alikwenda Kigoma kwa mguu, naye aweza kukubali. Ungamo la mtu asiyejua anachokisema si ungamo. Anayelishika kuwa ushahidi amshuhudia mwenzake uongo; na akimtupia jiwe la kwanza, ameua mgonjwa asiyeweza kujitetea.

III. Je, mzee ana hatia?

Tangu katekisimu ya kwanza twajua kwamba dhambi ya mauti hudai mambo matatu: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu ajue analolitenda, naye alikubali kwa hiari. Mzee aliyepotewa na akili, anapotukana au kupiga, hakosi moja tu la mambo hayo; mara nyingi hukosa mawili. Hajui, wala hana hiari kamili. Basi hatuwezi kumhesabia hatia, wala kumwadhibu ili ajifunze, maana chombo cha kujifunzia ndicho kilichoharibika. Fimbo hapo haifundishi kitu. Mzee atasahau kosa aliloadhibiwa, lakini hofu itabaki ndani yake, na kesho atamwogopa aliyempiga bila kujua kwa nini.

Lakini sisi tunaomtunza tunajua, tena tuna hiari. Ndiyo kusema uzito wote wa wajibu umehamia upande wetu. Hapo tusichanganye mambo mawili. Kuona hasira inapanda, baada ya kuulizwa swali lilelile mara arobaini, si dhambi. Ni uchovu wa mwanadamu. Kuifuata hasira hiyo mpaka kumpiga mzee, kumnyima chakula, au kumcheka mbele ya watu, hilo ndilo kosa. Aliyejiona anakaribia kufika hapo afanye hivi: ahakikishe mzee yu salama, atoke nje kidogo, apumue, amwite mtu mwingine. Kuondoka kwa dakika tano si kumtupa mzazi.

IV. Je, tumwambie kweli daima?

Hili ndilo swali linalowatesa watu wenye dhamiri njema. Mzee auliza, "Mama yenu yuko wapi? Mbona harudi kutoka shambani?" Mama alifariki miaka kumi iliyopita. Mtoto akisema, "Baba, mama alikufa," mzee hulia kama mtu anayepata habari hiyo kwa mara ya kwanza. Na kwake kweli ni mara ya kwanza. Baada ya saa moja amesahau, auliza tena. Je, tumzike mama kila siku mbele ya macho yake? Au tuseme uongo?

Mtakatifu Augustino alikataa kila uongo, hata ule unaosemwa kwa nia njema. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfuata, lakini wote wawili walipambanua kusema uongo na kuificha kweli kwa busara. Si kila kweli yadaiwa na kila mtu kwa kila saa. Daktari hamwambii mwenye homa kali hesabu ya madeni yake. Vilevile tujiulize: mzee huyu anaomba nini hasa? Maneno yake yaomba habari, lakini moyo wake mara nyingi waomba kitu kingine: anaona upweke, anaona jioni inaingia, anamtamani mtu aliyemzoea. Basi tujibu swali la moyo. "Unamkumbuka mama, sivyo? Alikuwa akipika ndakala kwa namna gani? Nieleze, baba." Maneno hayo si uongo hata chembe, nayo humtuliza mzee kuliko ubishi wa nusu saa. Naye akiuliza kwa utulivu na kwa kutazama usoni, "Je, amekufa?", aambiwe kweli kwa upole, ashikwe mkono, na aombolezewe pamoja naye.

Kwa njia hiyo hiyo, mzee atakaye kwenda stesheni asibishiwe kwamba alistaafu zamani. Aulizwe habari za kazi yake. Atembezwe kidogo barabarani. Kisha ageuzwe nyumbani kwenda kunywa chai. Watunzaji wengi wamekwisha kuona kwamba anayeshinda ubishi na mgonjwa wa namna hii hashindi kitu.

V. Je, ni halali kumfunga?

Kalemie ni mji wa ziwa, wa mto Lukuga na wa reli. Mzee anayepotea aweza kufa kabla ya jua kutua. Kwa hofu hiyo wengine humfunga kamba kitandani, au humfungia chumbani peke yake toka asubuhi hata jioni. Tusiwahukumu kwa haraka; wengi hufanya hivyo kwa kukosa msaada, wala si kwa chuki. Lakini hofu ya haki haigeuzi kila njia kuwa ya haki. Kamba hujeruhi ngozi, hudhoofisha miguu, huzidisha ghadhabu. Tena aliyefungiwa peke yake hawezi kuukimbia moto.

Kanuni iwe hii: kumzuia mzee asipate hatari ni halali, lakini kwa njia iliyo ndogo kabisa inayotosha. Kufunga mlango wa nje usiku, watu wakiwamo ndani, ni halali. Kuweka kengele au kopo mlangoni litakalolia akifungua, kuondoa visu na kiberiti, kuzima makaa, kuwaarifu majirani na vijana wa mtaa wamrudishe kwa heshima wakimwona, hayo yote ni halali na ni busara.

VI. Namna ya kutenda

Kwanza, mzee aliyechafuka akili ghafula, kwa siku moja au mbili, apelekwe hospitalini bila kukawia. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Mabadiliko ya ghafula mara nyingi ni malaria, maradhi ya mkojo, kukosa maji mwilini, au madhara ya dawa. Yako pia magonjwa yanayokuja polepole na kufanana nayo, nayo hutibika: malale, kaswende, upungufu wa vitamini. Ni hasara kubwa kumhesabia mzee demensia hali ana ugonjwa unaopona.

Pili, kila tendo la kushangaza tulitafutie sababu. Mzee anayevua nguo pengine anaona joto, au anatafuta choo. Anayepiga kelele pengine anaumwa jino. Anayekataa kuoga pengine anaogopa maji ya baridi, au anaona haya kuvuliwa na mtu asiyemtambua. Basi aogeshwe na mtu wa jinsia yake, kwa maji ya vuguvugu, sehemu moja baada ya nyingine, akiwa amefunikwa kitenge.

Tatu, tumwendee kwa mbele, wala si kwa nyuma, tutaje jina letu bila kumtega kwa swali "Mimi ni nani?" Tuseme neno moja kwa mara moja. Siku iwe na utaratibu mmoja: saa ya kula, saa ya kutembea, saa ya kulala. Jioni taa iwashwe mapema, maana vivuli huwatia wengi hofu.

Nne, tumpe kazi. Kuchambua maharage, kukunja nguo, kufumua wavu wa zamani, hata kama kazi haiishi vizuri. Na nyimbo zisisahauliwe: mtu asiyeweza kutaja majina ya watoto wake mara nyingi huimba wimbo wa ujana wake mpaka mwisho.

Tano, dawa za kuuponya ugonjwa wenyewe bado hazipo. Dawa kali za kutuliza zisinunuliwe sokoni, maana kwa wagonjwa hawa huweza kuleta kiharusi na kufupisha maisha. Daktari peke yake ndiye wa kuzipima.

VII. Mzigo ni wa nani?

Twaona mara nyingi kwamba mzee mwenye watoto saba hutunzwa na mmoja tu, na huyo kwa kawaida ni binti asiyeolewa au mke wa mwana. Wengine huja siku ya Krismasi, huuliza mbona baba amekonda, kisha huondoka. Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi hapa lazima kusema wazi: amri ya nne haikuandikwa kwa binti mmoja. Aliye Lubumbashi na atume fedha. Aliye karibu na ashike usiku mmoja kwa juma, ili mwenzake alale. Asiyeweza lo lote kati ya hayo na ajizuie angalau kulaumu. Tena binti aliyepigwa na mzee mara kwa mara asilazimishwe kubaki naye peke yake. Heshima kwa mzazi haidai mtoto aangamie.

Jumuiya nayo ina sehemu yake. Huko Hai, wilaya tuliyoitaja, wazee wenye demensia walikusanywa katika vikundi vidogo kwa mikutano 14 katika majuma saba, wakizungumza, wakiimba, wakifanya kazi nyepesi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba akili zao zilichangamka na wasiwasi wao ulipungua. Kazi kama hiyo haihitaji mashine. Yahitaji kivuli cha mwembe, viti, na watu wawili watatu wenye saburi. Jumuiya za Kikristu za mitaa yetu zaweza kuianza.

Kwetu haja ni kubwa zaidi, kwa sababu ya misukosuko. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2024, nyumba nyingi za Kalemie ziliingiliwa. Na mwanzoni mwa mwaka 2025 watu wengi walifika hapa kwa mashua wakikimbia vita vya kaskazini. Kwa mzee mwenye ugonjwa huu, kuhama ni kupokonywa ramani ya mwisho aliyobaki nayo: mlango aliouzoea, mti wa uani, njia ya kwenda kisimani. Wenye kumpokea mzee wa namna hii wasishangae akiomba kurudi nyumbani kila saa. Wamwachie angalau mkeka wake na kikombe chake.

Jibu la swali letu

Sasa turudi kwenye swali la kwanza: asiyenijua, je, bado ni mzazi wangu? Tufikiri hivi. Siku tulipozaliwa hatukumjua mama. Hatukujua jina lake, wala letu. Tulilia usiku, tulimchafulia nguo, tulimsukuma alipotuogesha. Hata hivyo hakusema, "Mtoto huyu hanijui, basi si wangu." Alituita kwa jina kabla hatujaweza kuitikia. Kumbe tangu mwanzo undugu wa mzazi na mtoto haukusimama juu ya kujuana kwa pande mbili. Upande mmoja ulimjua mwingine, ikatosha. Sasa zamu imegeuka. Yeye hatujui, lakini sisi twamjua, tena twamjulia historia yake yote, naye asiyeweza kuikumbuka ana haki ya kutunziwa. Kwa sababu hiyohiyo tusimfanye mtoto mchanga, wala tusimsemeshe kwa maneno ya kitoto. Huyu ni mtu aliyekwisha kuishi, kufanya kazi na kulea. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura yake ya tatu, kilikwisha kuwaza kwamba baba aweza kupungukiwa na akili, na hapo hapo kinamdai mwana wake upole.

Maswali ya kushika moyoni

Swali. Mzazi aliyepotewa na akili, je, amepoteza haki ya kuheshimiwa?
Jibu. La. Heshima yadaiwa na uzazi wake na utu wake, wala si na kumbukumbu yake.

Swali. Matusi na mashtaka yake tuyahesabuje?
Jibu. Tuyahesabu kuwa dalili za ugonjwa, wala si dhambi yake, wala si ulozi.

Swali. Je, ni lazima kumsahihisha kila anapokosea?
Jibu. Si lazima. Tusiseme uongo, lakini tujibu haja ya moyo wake kwa upole.

Swali. Wajibu wa kumtunza ni wa nani?
Jibu. Ni wa watoto wote pamoja, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Na majirani wawasaidie, maana kidole kimoja hakivunji chawa.